Miguu ya Mama Naeku

Fungu la mwisho la tangawizi katika soko la Kitengela lilishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa tayari kuliachilia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa 2005, upepo ukibeba vumbi la barabara ya Namanga mpaka kwenye nyanya, wauza mitumba wakishindana kwa makelele. Mkono wa kwanza ulikuwa wa msichana mrefu aliyevaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, hereni za ushanga zikimcheza shingoni, nywele zikinukia mafuta ya saluni alikofanya kazi. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana wa mabega mapana, shati lake jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Brother, mimi ndio nilishika kwanza," msichana alisema.

"Ulishika mfuko. Mimi nimeshika tangawizi yenyewe."

"Na unataka ya nini? Wewe hata chai hujui kupika."

"Mimi? Napika chai, napika ugali, napika isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, mpaka majirani wanabisha hodi. Uliza Dinah."

Dinah, mwenye kibanda, alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda akifurahia sinema ya bure. "Msiniingize kwa maneno yenu," alisema. "Lakini Mulinge ni kastoma wangu wa kila wiki. Wewe mrembo ndio mgeni."

Msichana akakaza mkono. Halafu sauti yake ikashuka, utani ukamtoka usoni. "Ni ya mama yangu. Ako na saratani ya matiti. Akitoka kudungwa dawa Nairobi anatapika mpaka anaogopa hata maji. Mtu kwa saluni ameniambia tangawizi inasaidia."

Mulinge akaliachilia fungu papo hapo, tena akalisukuma upande wake.

"Chukua. Hakukudanganya, inaweza kutuliza tumbo. Lakini daktari wake anajua unataka kumpa?"

"Tangawizi pia mpaka daktari?"

"Hata tangawizi. Kuna dawa zingine haziskizani nayo. Akikubali, weka kidogo kwa chai nyepesi, anywe polepole. Mimi pia ni ya wagonjwa nanunua. Nafanya kazi kituo cha wagonjwa wa saratani, Kajiado."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mtu wa kukanda miguu."

Naeku, maana hilo ndilo lililokuwa jina lake, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Walipoachana pale sokoni alikuwa na tangawizi, namba ya simu, na uso wa mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Dinah aliwatazama wote wawili wakipotea kila mmoja upande wake, akatikisa kichwa.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la kijani, nyuma ya zahanati ya kanisa. Ukiingia ulikuta kitanda, viti, chupa za mafuta ya nazi na birika la maji moto. Mimi nimeona mahali pengi panapojisifu kuwa panatibu, mabango makubwa na dawa za kila kitu kuanzia kisukari hadi mkosi, na ndiyo maana nakisifu chumba kile. Mulinge hakumdanganya mtu. Kila mgonjwa aliyeingia alimwambia maneno yale yale: "Mimi siponyeshi saratani. Hiyo ni kazi ya hospitali, na usiache hata siku moja kwenda. Mimi napunguza yale yanakusumbua ukiwa kwa njia."

Wiki iliyofuata Naeku alimleta mama yake, baada ya daktari wa Nairobi kukubali. Mama Naeku alikuwa mjane wa pale karibu na Kisaju, mwembamba, shuka nyekundu begani na kitambaa kichwani kuficha nywele zilizokwisha. Mulinge, ambaye miaka yake Kajiado haikupita bure, aliinamisha kichwa mbele yake kama watoto wa Kimaasai wanavyofanya, akamwamkia kwa lugha yake na kumwita mama.

"Yeyo, takwenya."

"Iko," alijibu mama, akamgusa utosini kwa vidole vyake vikavu. Akamgeukia binti yake. "Huyu Mkamba amefundishwa na nani adabu?"

Alipoambiwa avue viatu, alikataa. "Nani amesema miguu inauma? Mimi naumwa hapa kwa kifua."

"Kifua sigusi, Yeyo. Hapo kuna kidonda ya operesheni na kuna daktari wake. Miguu iko mbali na vita. Tuibembeleze hiyo, mwili yote itasikia."

Mama alicheka, akavua. Ilikuwa miguu ya mtu aliyechunga ndama tangu utotoni, nyayo ngumu, visigino vimepasuka. Mulinge alipasha mafuta viganjani, akaikanda polepole, kwa wepesi, akitumia gumba kwenye nyayo na kiganja kizima kwenye kisigino. Huku akikanda alimwambia avute pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, na afikirie mahali anapopapenda.

"Entarara," mama alisema macho yamefumbwa. "Kule nilizaliwa. Kulikuwa na mfereji. Maji ya mlima, baridi mpaka meno inalia."

"Basi twende Entarara. Umeingiza mguu kwa maji..."

Hawakufika mbali. Mama Naeku alilala, mdomo wazi, akikoroma kidogo. Mlangoni Naeku alikuwa amejishika mdomo, machozi yanamtiririka, kwa sababu mama yake hakuwa amelala usingizi wa hivyo tangu matibabu yaanze.

"Si ungekuwa ukimkanda wewe pia nyumbani?" Mulinge alimuuliza baadaye, wakiwa nje. "Nitakuonyesha."

Naeku alitazama mikono yake. "Nilijaribu. Tangu wamkate, nikimgusa mikono inatetemeka. Naona kama nitamvunja. Anasikia vile natetemeka, halafu anaanza kunibembeleza mimi. Sitaki kujaribu tena."

Zamani kituo kilikuwa na mwanamke wa kazi hiyo, lakini alikuwa amemfuata mumewe Eldoret. Mikono ilibaki ya Mulinge peke yake. Akawa anamkanda mama kituoni, na siku ambazo dawa ilimlaza kabisa, alifunga safari mpaka Kisaju kumkanda nyumbani. Siku moja alikuta mguu wa kushoto umevimba na una joto, akakataa kuugusa, akawafukuza waende hospitali saa hiyo hiyo. Kulikuwa na damu imeganda ndani, na mguu ule haukukandwa tena mpaka daktari aliporuhusu. Tangu siku hiyo, na daktari akiwa ameizuia tangawizi kwa sababu ya dawa mpya ya damu, mama Naeku hakumruhusu mtu yeyote aseme neno baya juu ya Wakamba mbele yake.

Na mapenzi? Yalikuja kwa simu. Mwanzo zilikuwa za mgonjwa tu.

"Mama amekulaje?"

"Amekula uji kikombe nzima."

"Na wewe umekula?"

"Mimi si mgonjwa wako, Mulinge."

"Najua. Ndio maana nauliza kwa sauti ingine."

Zikawa za kila jioni. Naeku alijifungia chumba cha nyuma cha saluni, mteja akiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, akicheka peke yake. Jumapili walitembea pamoja Kitengela, yeye katika sketi ndefu ya maua, Mulinge katika lile shati jeupe, wakala chipsi kwa sahani moja. Naeku alimwita "daktari wa vidole," naye Mulinge alimwita "mwizi wangu wa tangawizi." Walikuwa wanapendana, na kila mtu aliyewaona alijua.

Lakini jambo moja lilimzuia Mulinge kuyatangaza mapenzi yale, nalo lilitoka nyumbani kwao Machakos. Alikuwa amekua akimwona baba yake, mtu mzima mwenye mvi, akijificha nyuma ya ghala bibi mzaa mama alipokuja kumtembelea binti yake. Wakamba wanaiita nthoni. Mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, hakai chumba kimoja na mkwe. Kumshika miguu ni jambo ambalo hata mlevi hawezi kuliwaza. Siku atakayosema kwamba anamtaka Naeku, siku hiyo hiyo mikono yake ingepaswa kuondoka kwenye miguu ya mama, na mama alikuwa bado na dawa za kudungwa mbele yake, kila moja ikimwangusha kuliko iliyotangulia.

Basi akaamua kungoja matibabu yaishe. Uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri. Ujinga wake ulikuwa kutomwambia Naeku, akiogopa kwamba akilitamka tu, tayari amekuwa mkwe.

"Mulinge, mama anaulizwa na shangazi," Naeku alimwambia siku moja kwa simu. "Niseme nini?"

"Sema tunangoja kidogo, mpenzi."

"Tunangoja nini?"

"Ngoja tu. Niamini."

"Uko na mtu Machakos?"

"Aki Naeku! Mtu gani?"

"Basi kitu gani?"

"Niamini tu," Mulinge alirudia. Na jibu tupu la mwanamume kwenye simu, mwanamke hulijaza mwenyewe na yale anayoyaogopa.

Mwezi huo kulikuwa na sherehe Kisaju, binamu yake Naeku akimweka mtoto wake wakfu kanisani. Nyama ilichomwa tangu asubuhi, akina mama walivaa mashuka ya rangi zote na mikufu mipana ya ushanga. Naeku alikuwa ametengeneza gauni jekundu kwa ajili ya siku hiyo, na alipendeza hivi kwamba Mulinge alipofika alisahau kusalimia watu. Naeku alimshika mkono akamvuta hadi mbele ya shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya boma. Mama Naeku alikuwa amekaa kando yake, miguu yake imefunikwa blanketi.

"Shangazi, huyu ndiye Mulinge."

"Ahaa! Huyu ndiye?" shangazi aliuliza kwa sauti, wanawake wote wakageuka. "Huyu ndiye mkwe wetu?"

Mulinge alitazama blanketi. Aliiona ile miguu chini yake. Keshokutwa mama alikuwa anadungwa dawa.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi ni wa kliniki tu. Namkanda Yeyo miguu."

Naeku aliuachilia mkono wake. Hakupiga kelele, hakulia. Alishika sinia lililokuwa karibu, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea.

Jioni hiyo simu ya Mulinge iliita mara moja.

"Usikuje tena kwetu," Naeku alisema. "Mama tutampeleka mahali pengine."

"Naeku, nisikize..."

"Mbele ya watu wetu wote, Mulinge! Gauni nilishona. Wa kliniki tu? Sawa, wa kliniki. Kwaheri."

Akakata, na kila alipopigiwa tena alikata.

Dawa ya Nairobi haikungoja watu wapatane. Mama alirudi amekunjika, akatapika, akakaa macho akigeuka huku na huku. Hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Naeku alikaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya mafuta mkononi, akaufunua mguu mmoja, mikono ikaanza kutetemeka, akaufunika tena. Akamchukia Mulinge upya, halafu akajichukia mwenyewe.

"Kijana wangu wa Ukambani ako wapi?" mama aliuliza.

"Hatakuja."

"Mmekosana?"

"Yeyo, si ulisikia alivyosema? Amenikana kama mtu hanijui!"

Mama alifumba macho. Naeku alidhani amesinzia, kumbe anacheka, kicheko dhaifu cha mtu asiye na nguvu ya kucheka.

"Wewe mtoto, hakukukana wewe. Aliangalia miguu yangu kwanza. Mimi nilimwona. Kwao wako na heshima ya mama mkwe, na sisi tuko nayo, enkanyit. Angesema ndio, angenigusa aje keshokutwa? Hata shangazi yako angemchapa na fimbo." Akapumzika, akavuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo kama alivyofundishwa. "Alikuwa anachagua mimi nilale. Kijana mjinga. Kijana mzuri sana. Lete simu."

"Yeyo, umechoka."

"Lete simu, nimesema."

Mulinge aliona namba ya Naeku, akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Mpenzi! Naeku wangu, naomba..."

"Mimi si mpenzi wako," ilisema sauti ya mama. "Mimi ni mwenye miguu."

Mulinge nusura aiangushe simu. "Yeyo! Takwenya, Yeyo."

"Iko. Sasa sikiza. Wewe unataka mtoto yangu ama hutaki?"

Naeku, pale kitandani, alisogeza sikio karibu na simu.

"Namtaka, Yeyo. Namtaka sana. Lakini nikisema hivyo siwezi kukugusa tena, na dawa bado haijaisha."

"Sasa umesema. Imekwisha. Mikono yako nimeifukuza leo."

"Yeyo, utalala aje?"

"Hiyo ni shida yangu na ya Naeku. Wewe unataka mimi nipone nikute mtoto yangu amezeeka kwa nyumba, ati kwa sababu ya miguu? Lete kondoo ya mama mkwe kama watu wengine. Na kwa mikono yako umfundishe huyu mtoto, mahali penye watu, si kwa giza."

Walikutana kwa Dinah, kwenye tangawizi. Naeku alikuja na gauni lile la bluu, macho yamevimba kidogo. Mulinge alikuwa amefika mapema hivi kwamba Dinah alimpa kazi ya kupanga viazi.

"Nilikosea," Mulinge alisema, kiazi bado mkononi. "Si kwa kungoja. Kwa kukuficha. Nilifikiri ni mzigo yangu peke yangu, kumbe ni mama yako."

"Na mimi nilifikiri unaona aibu na sisi."

"Aibu? Naeku, mimi huonyesha hata makanga picha yako."

Akacheka bila kutaka. Halafu akafuta macho. "Ukinificha kitu tena, hata kiwe kidogo kama tangawizi..."

"Sitakuficha. Nikuulize basi. Utaolewa na mtu wa kukanda miguu?"

"Uliza vizuri."

"Naeku wa Kisaju, mwizi wangu, nakupenda. Utakuwa mke wangu?"

"Mjibu, viazi yangu inaoza!" Dinah aliita.

"Ndio," Naeku alisema. "Ndio, daktari wa vidole."

Hapo hapo, juu ya kreti ya soda, Dinah akajitolea miguu yake iliyochoka kwa kusimama, na Mulinge akamfundisha Naeku. Aliweka mikono yake juu ya mikono ya Naeku. "Usibonyeze. Acha kiganja kipate joto kwanza. Akitetemeka mtu, ni kwa sababu anafikiri anatengeneza kitu. Wewe hutengenezi. Unamsindikiza tu." Soko lote lilipita likiwatazama, na Dinah alifumba macho akasema hajawahi kukaa hoteli lakini lazima iwe hivi.

Ugeni wa kuposa ulifika siku ambayo mama alikuwa ametoka kudungwa dawa ya mwisho. Watu walitaka kuahirisha, yeye akakataa. Mulinge alikuja na baba yake na wazee wawili, wote kwa makoti, na kondoo jike mnene aliyefungwa kamba ya manila. Wazee waliingia kuzungumza na wajomba. Mulinge, kwa heshima, alibaki nje upande wa pili wa nyumba, karibu na tangi la maji. Kati yake na chumba cha mama palikuwa na ukuta wa mabati na dirisha lenye pazia. Alisikia mama akikohoa, akasikia kitanda kikilia kila alipogeuka. Mikono yake, aliyozoea kuituma, ilining'inia bila kazi. Hakuwahi kuwa karibu na maumivu ya mtu na mbali nayo kiasi kile.

Simu ikaita. Naeku.

"Nimeanza na mguu wa kulia," alinong'ona. "Mulinge, inatetemeka tena. Mikono. Siwezi."

"Mafuta umepasha?"

"Ndio."

"Weka kiganja tu kwa kisigino. Usifanye kitu. Niko hapa nyuma ya mabati."

Kisha akasikia sauti nyingine, ikitoka mbali kidogo. "Ni yeye? Leta hiyo simu kwa sikio yangu."

"Yeyo," Naeku alisema, "si mkwe haruhusiwi?"

"Wazee walikataza macho na mikono. Simu walikuwa hawajaiona." Mama alishusha pumzi. Kondoo akalia nje, naye akamsikia. Kwa Wamaasai, mkwe akileta kondoo yule, jina la zamani linaachwa, na wote wawili wanaitana kwa jina la ile zawadi. "Paker," aliita.

Ilikuwa mara ya kwanza. Mulinge aliegemea tangi.

"Paker," aliitikia.

"Nipeleke Entarara."

Akafunga macho pale nje, mgongo umegeukia dirisha kama inavyotakiwa. "Vuta pumzi kwa pua. Pole pole. Tumeshuka chini ya boma, tumefika kwa mfereji. Kuna mti mkubwa hapo..."

"Hakuna mti. Mti iko upande ile ingine."

"Sori. Mti iko upande ile ingine. Umeketi kwa jiwe. Umeingiza mguu wa kulia kwa maji. Ni baridi mpaka meno inalia. Sasa mtoto yako ameushika, ameupasha joto..."

Aliendelea kuzungumza, polepole, juu ya mahali ambapo hakuwahi kufika, na mama akamsahihisha mara moja zaidi, kuhusu rangi ya ng'ombe. Halafu hakusahihisha tena. Kilichobaki kwenye simu kilikuwa ni pumzi, ndefu, halafu mkoromo mdogo aliokuwa anaujua vizuri.

Simu ilikwaruza, ikabadilisha mkono.

"Amelala," Naeku alisema, na alikuwa analia. "Mulinge, nimemlaza."

"Na mikono?"

Naeku aliitazama, juu ya nyayo zile ngumu zilizokuwa zimelegea kabisa.

"Imetulia," alisema. "Usikate simu. Sasa nakuja kwa mguu wa kushoto."